Kinachofaa Zege Hakifai Ufukwe

Mji unaojengwa kwa kasi haukosi watu wanaoyajua mawe, na Mbalizi inao wengi. Mnunuzi mgeni akimwendea muuza kokoto na kumwambia anataka tripu moja ya mawe, ataulizwa kwanza ni ya kazi gani. Msingi una mawe yake, slabu ina kokoto zake, na uwanja wa kuegesha magari humwagiwa changarawe au moramu. Kokoto za nusu inchi hazirundikwi pamoja na za robo tatu. Mchanga wa lipu si mchanga wa zege. Fundi mzoefu huchota konzi ya mchanga, huusugua viganjani, na akiona mikono imebaki na tope huanza kulalamika kabla tipa halijamaliza kumwaga mzigo.

Ukisikiliza vizuri majadiliano hayo utagundua kwamba yote yanahusu mambo manne: ukubwa wa punje, umbo lake, ugumu wa jiwe lenyewe, na kile kilichochanganyika nalo. Wanaochunguza fukwe za kokoto nao huuliza mambo hayohayo manne wanapotaka kujua kwa nini ufukwe mmoja unajijengea tuta refu, mwingine unajichonga ngazi, na wa tatu unaliwa na maji mpaka nyumba zinabaki ukingoni. Wanapoachana na fundi ni kwenye jibu. Mchanganyiko unaompa fundi zege imara ndio unaoumaliza ufukwe.

Msomaji wa Mbalizi ana haki ya kuuliza ufukwe unamhusu nini. Mji wake uko nyanda za juu, na maji yake hayaelekei hata upande wa ziwa analolijua zaidi. Kuna mito miwili inayoitwa Songwe, na wageni huichanganya kila siku. Songwe inayopita magharibi ya Mbalizi, karibu na chemchemi za maji moto na kiwanda cha saruji, inaelekea kaskazini na kuishia Ziwa Rukwa. Songwe nyingine ndiyo inayotutenganisha na Malawi, nayo inamwaga maji yake Ziwa Nyasa. Jiwe la korongo la Mbalizi haliwezi kufika Nyasa kwa mto. Likifika, limepakiwa kwenye lori.

Lakini watu hawafuati mikondo ya mito wanapotafuta pa kupumzikia. Mkazi wa Mbeya akitaja ufukwe, mara nyingi anamaanisha Matema: unapita Uyole, unapanda na kushuka hadi Tukuyu, unateremka kwenye joto la Kyela, kisha unashika njia ya mashariki mpaka barabara inapokutana na ukuta wa milima. Hapo ziwa limejikunja kwenye pembe yake ya kaskazini mashariki. Sehemu anayooga kila mtu ni ya mchanga. Wengi huishia hapo, wakala samaki wao, wakapiga picha zao, wakarudi. Kisa chetu kinaanzia pale mchanga unapokwisha, ukifuata mwambao kusini mashariki kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu, na mbele zaidi Lumbila na Lupingu katika Wilaya ya Ludewa, iliyokuwa Mkoa wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012.

Upande huo hakuna tambarare. Milima ya Livingstone inainuka zaidi ya mita 1,500 juu ya maji, na ukuta huohuo unaendelea kuzama chini ya ziwa ambalo kina chake cha juu kinakaribia mita 700. Ni ukingo wa Bonde la Ufa, na miamba yake ni ya zamani sana, iliyopikwa na kubanwa chini ya ardhi mpaka ikawa na matabaka. Vijito vinashuka kwa kasi, vinabeba mawe, na kuyatua ukingoni mwa ziwa baada ya safari fupi. Magharibi yake, kwenye uwanda wa Kyela, kazi hiyo inafanywa na mito mirefu: Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe. Mito hii inapita kwenye udongo na miamba ya volkano ya Rungwe, katika mojawapo ya maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, na hadi ifike ziwani imeshaacha mawe makubwa njiani. Inachoingiza majini ni mchanga na tope. Ndani ya mwendo wa saa chache kwa miguu unaona fukwe mbili za tabia tofauti kabisa, zinazopigwa na mawimbi ya ziwa lilelile na upepo uleule. Basi tofauti haiko kwenye maji peke yake.

Wimbi likipiga ufukwe, maji hupanda mteremko, husimama, kisha hurudi. Yakipanda hubeba punje juu, yakirudi huziteremsha. Kwenye mchanga laini karibu maji yote yaliyopanda hurudi kwa juu, kwa sababu nafasi kati ya punje ni ndogo mno kuyameza haraka. Yanayorudi yanakuwa na nguvu inayokaribia ile ya kupanda, na ufukwe hubaki umelala. Kwenye kokoto mambo ni mengine. Lundo la mawe yenye saizi moja huwa na uwazi unaokaribia asilimia 40 ya ujazo wake, na matundu yenyewe ni makubwa. Maji yanayopanda huzama ndani kabla hayajapata nafasi ya kurudi. Mawe yamepandishwa juu, na nguvu ya kuyateremsha imepotea chini ya mawe mengine. Wimbi baada ya wimbi, tuta linajengeka.

Ukubwa wa punje una uzito kuliko macho yanavyodhani. Punje ikiwa kubwa maradufu, maji hupenya kwa urahisi wa takriban mara nne. Ndiyo maana badiliko dogo la saizi huleta badiliko kubwa la sura. Ufukwe wa mchanga laini huweza kuinama kwa digrii moja au mbili tu, kiasi kwamba mtoto anakimbia humo bila kuhisi mteremko. Wa kokoto hufika digrii 10 na kuendelea, na mtu mzima anaupanda akihema. Mwaka 1951 mtafiti wa Marekani Willard Bascom alichapisha vipimo vyake kutoka fukwe za California vilivyoonyesha uhusiano huo waziwazi: punje kubwa, mteremko mkali. Aliongeza jambo ambalo husahauliwa. Kwa saizi ileile ya punje, ufukwe unaopigwa na mawimbi makubwa hulala zaidi kuliko ule uliojificha. Kwa hiyo haiwezekani kuusoma ufukwe kwa kuangalia mawe bila kuuliza mawimbi yake, wala kwa kuangalia mawimbi bila kuuliza mawe.

Ziwa Nyasa lina jambo moja linalolitofautisha na bahari, nalo ni kwamba halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Pwani ya Dar es Salaam maji hupanda na kushuka kwa mita kadhaa mara mbili kwa siku, na wimbi linafanya kazi kwenye ngazi moja ya ufukwe kwa muda mfupi kabla ya kuhamia nyingine. Ziwani wimbi linapiga mstari uleule leo, kesho na wiki ijayo. Kinachousogeza mstari huo ni majira. Mvua za nyanda za juu huanza Novemba, na upande wa Kyela zinaendelea hadi Mei. Ziwa hupanda pamoja nazo, likafikia kilele chake cha mwaka mvua zinapokwisha, kisha hushuka taratibu hadi mvua nyingine. Katika mwaka wa kawaida tofauti ni kama mita moja.

Sasa weka upepo juu ya kalenda hiyo. Upepo mkali wa ziwa, ule ambao wavuvi wa Malawi wanauita mwera, huvuma kutoka kusini hasa kuanzia Mei hadi Agosti. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 560 na limelala kusini kaskazini, kwa hiyo upepo huo una mamia ya kilomita ya maji wazi ya kuchochea mawimbi kabla haujafika pembe ya Matema. Unaanza kupamba moto wakati ziwa liko juu kabisa, na unaendelea kupiga huku maji yakishuka. Mwenye ufukwe wa kokoto atakuwa na tuta la juu lililojengwa mwanzoni mwa msimu, na chini yake vituta vidogo vilivyoachwa kila maji yaliposimama kwa muda kabla ya kuendelea kushuka. Ngazi hizo ni kumbukumbu ya miezi michache iliyopita, zikisomwa kutoka juu kwenda chini. Mvua na mawimbi ya mwaka unaofuata huzifuta na kuziandika upya.

Dhoruba nayo ina mambo yake. Kwenye mchanga, mawimbi makubwa huuvuta mzigo na kuupeleka majini, na ufukwe hukonda. Kwenye kokoto, dhoruba inaweza kufanya kinyume: ikarusha mawe mpaka kileleni mwa tuta na kuliacha refu kuliko lilivyokuwa. Mpaka wa hisani hiyo ni kilele chenyewe. Maji yakivuka juu na kumwagikia upande wa nchi kavu, yanabeba mawe kwenda nyuma, kilele kinapungua, na tuta zima linasogea bara. Halijaharibika, limehama. Tatizo ni la aliyejenga nyuma yake.

Hadi hapo nimezungumzia saizi tu, na mtu wa chekeche angeridhika. Lakini chekeche halijui umbo. Mwaka 1935 Mswisi Theodor Zingg alipendekeza njia ya kuyagawa mawe kwa kupima urefu, upana na unene: yapo yaliyo mviringo, yapo bapa, yapo marefu kama fimbo, na yapo yaliyo marefu na bapa kwa pamoja. Ilionekana ni mambo ya darasani mpaka mwaka 1967, B. J. Bluck alipochapisha uchunguzi wake wa fukwe za kusini mwa Wales. Alionyesha kwamba mawe hayakai ovyo. Yaliyo bapa hukusanyika juu ya ufukwe, mengine yakiwa yamelaliana na kuinamia upande wa maji. Ya mviringo na ya fimbo huelekea chini, karibu na maji. Mwanamke anayepepeta mpunga kwa ungo Kyela angeielewa hoja hii bila kuchorewa: kinachotenganishwa hapo si kikubwa na kidogo tu, ni kile kinachobebeka na kile kinachobiringika. Jiwe bapa hubebwa kirahisi na maji yanayopanda, na likitua hulala, halina namna ya kubiringika kurudi. Jiwe la mviringo hurudi na maji dhaifu kabisa.

Matokeo yake ni kwamba sura ya ufukwe inategemea pia aina ya mwamba uliopo mlimani. Mwamba wenye matabaka, kama ulivyo sehemu kubwa ya Livingstone, huelekea kupasuka kwa kufuata matabaka yake na kutoa vipande bapa. Mwamba wa volkano usio na matabaka hutoa mabonge yenye pande zinazokaribiana. Ufukwe wenye mawe bapa mengi hujivika gamba juu, mawe yakishikana kama yamepangwa kwa mkono, na gamba hilo huzuia yaliyo chini yasichukuliwe. Ufukwe wa mawe ya mviringo hauna gamba. Unatembea kila siku. Anayepita juu yake anausikia kwanza kwa masikio, mawe yakigongana chini ya viatu, na kila hatua mbele inamrudisha nusu hatua nyuma.

Mfano unaopendwa na walimu ni Chesil, kusini mwa Uingereza, tuta la kokoto lenye urefu wa karibu kilomita 29. Upande wa magharibi kokoto zake hazifiki sentimita moja, na zinakua kidogokidogo kuelekea mashariki mpaka zinazidi sentimita tano. Husimuliwa kwamba wavuvi na wafanya magendo waliotua usiku wa giza walijua wako wapi kwa kuokota jiwe moja. Sina hakika kama kweli kila mvuvi aliweza, lakini mpangilio wa mawe upo na umepimwa.

Ugumu wa jiwe hauna maneno mengi, ila una kisa kimoja kinachofaa kusikika upande wetu. Marina di Pisa, huko Italia, ilikuwa imepoteza ufukwe wake wa mchanga, na wahandisi wakamwaga kokoto za marumaru nyeupe kuutengeneza mpya. Watafiti walitia alama kwenye baadhi ya mawe, wakayafuatilia, wakayapima uzito upya. Ndani ya takriban mwaka mmoja mawe hayo yalikuwa yamepungua kwa kiasi kikubwa, yakisagana yenyewe kwa yenyewe. Marumaru ni chokaa, na madini ya chokaa yana ugumu wa 3 tu kwenye kipimo ambacho kwarizi ina 7. Mawe ya chokaa ya bonde la Songwe, yale yaliyoachwa na chemchemi za maji moto, ni ya ukoo huohuo. Yanafaa sana kiwandani na yanapendeza kwenye bustani. Mwenye hoteli atakayeshawishika kuyasomba kwa malori kwenda kupamba ufukwe wa ziwa, akitaka uwe mweupe kwenye picha, ajiandae kununua mengine. Na kinyume chake kipo: jiwe jepesi la volkano, lile la kusugulia nyayo, ambalo Mlima Rungwe ulilirusha kwa wingi katika mlipuko mkubwa wa kama miaka 4,000 iliyopita. Hilo huelea. Wimbi haliliulizi ukubwa wala umbo; linalitupa popote ukingoni maji yanapofika.

Narudi kwa fundi. Zege la kawaida lililozoeleka ni la moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga unawekwa ili ujaze nafasi kati ya kokoto, na saruji ijaze nafasi kati ya punje za mchanga. Kadiri nafasi tupu zinavyopungua ndivyo maji yanavyoshindwa kupita na ndivyo nguzo inavyodumu. Fundi akiona zege lenye matundu anajua kuna mtu alibania mchanga.

Ufukwe wa kokoto unaishi kwa matundu hayohayo. Yakijazwa, maji yanayopanda hayazami tena. Yanarudi kwa juu yakiwa na nguvu zote, na yanashuka na mawe. Kilichokuwa kinajenga tuta kinaanza kulibomoa. Jambo la kushangaza ni kwamba haihitajiki mchanga uwe mwingi kuliko kokoto. Watafiti wengi wanaona mpaka uko karibu na theluthi: mchanga ukifika hapo, ufukwe unaanza kupitisha maji kama ufukwe wa mchanga ingawa kwa macho bado unaonekana ni wa mawe. Ukitembea juu yake utaona kokoto. Wimbi linalopita humo linakuta mchanga. Na kwa kuwa ndani umeshikana, mawimbi hayauteremshi polepole. Huukata wima, ukaachwa na kijigenge cha nusu mita au zaidi, kinachoporomoka kipandekipande kila wimbi linapokigusa mguuni.

Hapa ndipo ninapodhani mazungumzo yetu kuhusu Matema na mwambao wa Ludewa yanapaswa kuhamia. Tunapolalamikia mmomonyoko tunaangalia ziwa. Tungeangalia pia mlima. Mashamba ya mihogo na mahindi kwenye miteremko mikali ya Livingstone, yasipolindwa kwa makinga maji wala majani, huachia udongo wakati uleule vijito vinaposhusha mawe. Kinachofika ukingoni ni mchanganyiko. Kokoto zilezile, kutoka mlima uleule, zikiwa zimechanganywa na mchanga na tope zaidi, hujenga ufukwe mwingine. Simlaumu mkulima aliyebanwa kati ya jabali na maji, asiye na pa kulima pengine. Nasema tu kwamba mhandisi atakayepewa fedha za kulinda ufukwe huo, asipochimba shimo na kuona ndani kuna nini, atakuwa ametibu ngozi.

Kuna pia suala la kimo cha maji ya ziwa kwa miaka mingi, ambalo ni kubwa kuliko mita moja ya majira. Mwaka 1915 maji yalishuka kiasi kwamba ziwa liliacha kutiririka kuingia Mto Shire, mlango wake pekee wa kutokea. Mlango ukajaa mchanga na matete, na ziwa likakaa miaka likipanda bila kutoka, hadi lilipoufungua tena katika miaka ya 1930. Kufikia 1980 lilikuwa juu sana. Ufukwe wa kokoto wenye nafasi nyuma yake huyafuata maji: yakipanda, tuta linasukumwa bara na kuinuka nayo, yakishuka, linaachwa juu likiwa kavu na nyasi zinaota. Mtu anayefika miaka ambayo maji yamerudi chini anaona uwanja mzuri tambarare wenye kokoto safi, hatua chache kutoka majini, hauna mwenyewe. Anajenga. Hajui kwamba amejenga juu ya alama ya maji.

Au anachota. Kokoto za ziwani zimeoshwa, zimechambuliwa kwa saizi, hazina udongo. Kwa mjenzi ni mali iliyotayarishwa bure, na sehemu ambazo kila mfuko wa saruji hufika kwa boti ni vigumu kumwambia mtu aliache lundo hilo mlangoni kwake akanunue kokoto za lori. Ndoo za familia moja haziumalizi ufukwe. Kinachoumaliza ni biashara.

Kijiji cha Hallsands, Devon, Uingereza, kilikuwa kimejengwa juu ya mwamba mdogo nyuma ya ufukwe wa kokoto. Mwaka 1897 wakandarasi walianza kuchota kokoto mbele yake kwa ajili ya kupanua bandari ya jeshi la majini huko Plymouth. Walipozuiwa, mwaka 1902, walikuwa wameshachukua takriban tani 650,000. Wataalamu walikuwa wamesema bahari ingezirudisha. Haikurudisha, kwa sababu kokoto hizo zilikuwa akiba ya zamani. Hapakuwa na mto wala jabali lililokuwa likileta nyingine. Ufukwe ukashuka kwa mita kadhaa. Usiku wa tarehe 26 Januari 1917 dhoruba ya mashariki ilikuja pamoja na maji kujaa, na kijiji kikabaki na nyumba moja tu ya kukalika. Hakuna aliyekufa, ila hakuna aliyerudi kuishi kama zamani.

Sisi tuna Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kule ni mchanga, si kokoto, na waliochunguza walitaja kuchimbwa kwa mchanga kwenye mito inayoulisha ufukwe kuwa miongoni mwa sababu za bahari kuingia ndani hadi ikaila hoteli ya Africana. Kunduchi inatufundisha kitu ambacho Hallsands haifundishi: si lazima uguse ufukwe ili uumalize. Unaweza kuwa kilomita nyingi juu ya mto, umesimama kwenye tipa, huoni hata maji ya bahari. Fukwe za Livingstone bado zinalishwa na vijito vyake, tofauti na ile akiba iliyokufa ya Hallsands. Hiyo ni bahati, na inadumu kwa muda ambao vijito vinaachiwa mawe yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Namba hiyo inajulikana mpaka vijijini, maana imeshabomolea watu. Ninachokiona ni pengo moja. Mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi, kwenye ufukwe ambao ukingo wake unahama kila msimu na kuhama zaidi kila kizazi? Kwenye jabali la Ikombe mita 60 zinakupandisha mlimani. Kwenye uwanda wa Kyela, wenye mteremko mdogo, ziwa likipanda mita mbili linaweza kuvuka mita 60 na kuendelea. Kipimo kimoja kimewekwa kwa fukwe ambazo mawe yake yameshatuambia kwamba si za namna moja.

Dawa inayokimbiliwa na wenye majengo ni ukuta. Ukuta wa zege mbele ya ufukwe wa kokoto haumezi maji. Wimbi linagonga na kurudi na nguvu yake yote, na kokoto za mguuni pa ukuta ndizo zinazoondoka kwanza. Lundo la kokoto lenyewe, likiwa la saizi sahihi na safi, linameza nguvu hiyo vizuri kuliko kitu chochote ambacho bei yake mwenye hoteli angeimudu.

Kabla ya ukuta, na kabla ya kesi, kuna kazi rahisi ambayo haijawa desturi upande wetu: kupima. Mwaka 1961 K. O. Emery alieleza njia ya kuchora mteremko wa ufukwe kwa fimbo mbili zilizotiwa alama za vipimo na kamba ya urefu unaojulikana. Mmoja anasimama na fimbo juu, mwingine chini kwa urefu wa kamba, na wa juu anatazama kuvuka ncha ya fimbo ya mwenzake hadi mstari ambapo maji yanakutana na mbingu. Alama inayokatwa na mstari huo kwenye fimbo yake mwenyewe, ikihesabiwa kutoka juu, ndiyo tofauti ya kimo. Wanahamia hatua inayofuata mpaka wafike majini. Njia hii inataka upeo wa macho ulio wazi, na ukiwa Matema ukatazama kusini, kwa urefu wa ziwa, upeo huo upo. Gharama yake ni fimbo mbili, kamba na daftari, na wanafunzi wa kidato cha pili wanaiweza.

Waanze juu kabisa, kwenye mti au jiwe lisilohama, na waanze kila mara hapohapo. Kila hatua wachukue mawe kumi bila kuchagua, wayapime urefu, upana na unene. Wachimbe kishimo cha kina cha mkono mmoja, wapitishe kilichotoka kwenye chekeche la fundi, wapime uzito wa kilichobaki juu na uzito wa kilichopita. Wafanye hivyo Mei ziwa likiwa juu, Septemba upepo ukishatulia, na Desemba maji yakiwa chini.